Mkanda wa saa huchaguliwa kuanzia kwenye pini

Chukua Seiko 5 ya zamani, ile ndogo ya milimita 37, uigeuze utazame pale cheni inapokutana na mwili wa saa. Katikati ya yale masikio mawili ya chuma utaona ukoko mweusi: jasho lililokauka, vumbi, sabuni na unga wa kutu. Ndani ya ukoko huo kuna kijiti cha chuma chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hicho ndicho kinachoifunga saa mkononi mwako. Mtu atakaa nusu saa kibandani akichagua baina ya ngozi ya kahawia na nyeusi, atapunguziwa bei, atafurahi, kisha ataondoka na mkanda mpya ulioshikizwa kwa kijiti kilekile cha zamani. Wiki chache baadaye saa inadondoka kwenye daladala, na mkanda ndio unaobebeshwa lawama.

Nitaitumia Seiko 5 kama mfano kwa sehemu kubwa ya makala haya, kwa sababu ni saa inayostahili kutunzwa na imezagaa mikononi mwa watu wetu. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba zinaweza kuonyesha jina la siku kwa Kiarabu, na ukikutana na moja ya namna hiyo Unguja au Mombasa, huenda ilikuja na jamaa aliyerudi kutoka Muscat au Dubai. Ilipotoka mwaka 1963 jina lake lilibeba ahadi tano: kujijaza yenyewe mkono unapotikisika, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuhimili maji, kitufe cha kurekebishia kilichojificha kwenye namba 4, na mwili pamoja na cheni ya kudumu. Mtambo wake unaweza kutembea miongo kadhaa. Kinachochoka kwanza ni hiyo cheni.

Pini

Mafundi wengi huiita pini tu, wengine springi. Ni kibomba chembamba chenye springi ndani yake, na kila upande inatoka ncha. Ukizibonyeza ncha zinaingia ndani. Ukiziachia zinachomoza na kukaa kwenye vitundu vilivyotobolewa upande wa ndani wa masikio. Karibu na kila ncha kuna kibega kidogo kilichotuna, na hapo ndipo uma wa fundi unaposhika wakati wa kuitoa.

Pini zinazokuja bure na mikanda ya kawaida huwa na unene wa milimita 1.5 hadi 1.8, na ncha zake ni nyembamba zaidi, kama 0.8 hivi. Kwa saa nyepesi inatosha. Lakini saa za Seiko za wapiga mbizi, kwa mfano SKX007, zilikuja na pini za milimita 2.5 zenye ncha nene, na vitundu vya masikio vikatobolewa kwa kipimo hicho. Ukitia pini nyembamba kwenye tundu pana itashika, utaivaa, utaona mambo ni shwari. Tatizo ni kwamba ncha inacheza ndani ya tundu kila unapozungusha mkono. Chuma kinakula chuma, na tundu linaanza kuwa na umbo la yai. Pini ni kitu cha kutupa na kununua nyingine. Sikio lililolika halirudi, na kulitengeneza ni kazi ya kuchomelea na kutoboa upya ambayo fundi wa barazani hawezi kukufanyia vizuri.

Kinyume chake nacho kipo. Mkanda wa ngozi wa kawaida una mfereji mwembamba wa kupitishia pini, na pini ya 2.5 haipiti. Wengine hulazimisha kwa msumari, gundi inaachia, na mkanda mpya unafumuka ndani ya mwezi. Zipo pini zilizotengenezwa kwa ajili ya hali hii, zenye mwili mwembamba na ncha nene. Uliza hizo kabla ya kutoboa chochote.

Pini ya zamani ina namna yake ya kukaguliwa. Iviringishe juu ya kioo cha meza: iliyopinda itayumba na utaiona mara moja. Kisha bonyeza ncha moja, halafu ya pili. Kila moja irudi yenyewe, kwa nguvu sawa. Ikirudi polepole, au ikibaki ndani hadi uitikise, chumvi ya jasho imeshaingia kwenye springi na hiyo pini imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa. Msimamo wangu ni mmoja: kila ukibadilisha mkanda, badilisha na pini zote mbili. Anayetoka jasho jingi, anayeogelea baharini, au anayeendesha bodaboda kutwa, azibadilishe kila mwaka hata kama mkanda bado ni mzima. Ukilinganisha bei ya pini na bei ya saa, hakuna hesabu ya kufanya.

Milimita moja ni nyingi

Nafasi kati ya masikio ndiyo namba ya mkanda. Ipime kwa ndani, sikio hadi sikio, kwa vernia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, kama unayo. Kama huna, kata kipande cha karatasi ngumu ya jalada la daftari, ukipunguze kwa mkasi kidogo kidogo hadi kipite kati ya masikio bila kujikunja na bila kuacha mwanya, kisha kilaze juu ya rula. Njia hii inashinda kuelekeza rula kwenye saa, kwa sababu rula haiingii katikati ya masikio na jicho linakosea kwa milimita nzima.

Usipime mkanda wa zamani. Huenda aliyeufunga alikosea, na ngozi iliyovaliwa hubonyea na kupungua upana. Pima saa.

Seiko 5 ndogo kama SNK809 ni 18. Casio F-91W nayo huchukua 18. SKX007 ni 22, mdogo wake SKX013 ni 20, na zile Seiko 5 Sports za milimita 42.5 zilizoanza kutoka mwaka 2019 ni 22. Namba shufwa ndizo zinazojaa madukani, lakini usidhani kila saa ina namba shufwa: hata Rolex Submariner ilipokuzwa hadi milimita 41 mwaka 2020, nafasi yake ikawa 21. Ukikuta 19 au 21, usiruhusu muuzaji akushawishi kwa "itakaa tu". Mkanda wa 18 kwenye nafasi ya 19 utasogea kushoto na kulia na kuisugua pini, na vumbi litajaa kwenye mwanya. Wa 20 kwenye 19 unawezekana ikiwa ni ngozi laini au silikoni, kwa kuubana kidogo pembeni. Nailoni itajikunja na kuchanika kingo, na cheni haitaingia kabisa. Pini yenyewe lazima ilingane na saa, si mkanda. Ukifunga mkanda wa 18 kwenye nafasi ya 19, pini ni ya urefu wa 19.

Wenye Casio za mpira wasome kifuniko cha nyuma kabla ya kununua. Nyingi zina umbo lake maalumu pale mkanda unapoingia, na mkanda bapa wa kawaida huacha pengo au hauingii. Namba iliyo ndani ya kisanduku kidogo ni ya mtambo. Jina la modeli liko nje ya kisanduku. Kwenye F-91W, kwa mfano, kisanduku kinasema 593. Wanaoagiza mkanda kwa kutaja namba ya kisanduku mara nyingi hupokea kitu kisichofaa.

Halafu kuna urefu, jambo ambalo wengi hawalipimi kabisa. Mkanda wa vipande viwili hutajwa kwa namba mbili, kwa mfano 115/75: kipande kirefu chenye matundu ni milimita 115, kifupi chenye bizimu ni 75. Zungushia uzi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa, uupime kwa rula. Tuseme ni 170. Saa yako, pini hadi pini, ni 37. Zinabaki 133. Ongeza kama 6 kwa sababu mkanda una unene na unazunguka kwa nje ya mkono: 139. Toa 75 za kipande kifupi, unapata 64. Maana yake tundu lako litakuwa kwenye milimita 64 kutoka pini ya kipande kirefu. Sasa tazama mkanda dukani: tundu hilo liwe katikati ya safu. Likiwa la mwisho, siku ya joto mkono ukivimba huna pa kwenda, na kwetu joto halikosi. Likiwa la kwanza, ncha ya mkanda itazunguka hadi upande wa pili na kukwaruza meza.

Upana wa upande wa bizimu ni namba nyingine tena. Mkanda wa 18 kwa kawaida hupungua hadi 16, wa 20 hadi 18 au 16. Ikiwa unataka kuhamishia bizimu ya zamani yenye nembo, pima hapo, vinginevyo itacheza.

La mwisho kwenye vipimo ni unene. Saa nyembamba inataka mkanda wa milimita 2 au 2.5. Kwenye Seiko 5 ndogo, vitundu vya pini viko karibu sana na mwili wa saa. Ukitia mkanda mnene wa 4 unaojaa pale kwenye pini, unabanwa kati ya pini na mwili, hauzunguki vizuri, na kila unapoukunja kuizungusha mkononi unaisukuma pini nje. Hapo ndipo saa inaporuka na mmiliki anabaki akishangaa wakati kila kitu kilikuwa kipya. Uchague mkanda uliochongwa mwembamba kichwani, au utafute pini iliyopinda kidogo katikati.

Jasho ndilo linalochagua

Nikiambiwa nitaje swali moja la kumuuliza mtu kabla ya kumshauri aina ya mkanda, nitamuuliza anaishi wapi na anashinda vipi. Mkanda wa ngozi unaodumu Njombe au Nairobi hautadumu hivyo Tanga. Ngozi inakunywa. Inakunywa jasho, chumvi inabaki ndani maji yakikauka, nyuzi zake zinakuwa ngumu na kuanza kukatika pale penye mkunjo, yaani kwenye tundu unalotumia na karibu na pini. Harufu ile isiyotoka ni bakteria waliojilia chakula chao humo ndani. Masika, mkanda wa ngozi ukiachwa kabatini unaota ukungu.

Kuna jambo la watu wa pwani ambalo vitabu vya saa haviligusi. Mwislamu anayetia udhu mara tano kwa siku anavua saa na kuivaa mara tano, au anaivaa ikiwa imelowa. Kila kuvua ni kuikunja ngozi kwa nguvu kwenye tundu lilelile ili ulimi wa bizimu utoke. Kama mtu huyu anapenda ngozi, na afunge kifungio cha chuma cha kukunja badala ya bizimu ya kawaida: mkanda unabaki kama duara, mkono unapita, na ngozi haikunjwi tena. Kwa maji yenyewe, afadhali cheni au mpira.

Kwa anayekaa ofisini penye kiyoyozi, ngozi ni nzuri na hakuna kinachopendeza zaidi kwenye Seiko 5 yenye uso mweupe. Tatizo ni kuipata. Mikanda mingi inayouzwa kwa jina la ngozi ni kitambaa au ngozi iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, kisha kufunikwa kwa plastiki yenye chapa ya mamba. Usidanganywe na neno lililopigwa mhuri nyuma. Tazama ndani ya tundu la bizimu kwa mwanga wa simu: ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, ya bandia inaonyesha tabaka, ganda juu na kitambaa au sponji chini. Ukunje mkanda kwa kidole: ngozi inatoa mikunjo mingi midogo inayopotea ukiuachia, plastiki inatoa mkunjo mmoja mpana unaobaki. Kingo zikiwa zimepakwa rangi nzito huwezi kuona kitu, basi tegemea tundu. Ikilowa, ifute na uiache kivulini penye upepo. Juani inakakamaa kama sandarusi. Ukiweza kuipumzisha siku moja baada ya kuivaa, utaona tofauti ya miezi.

Mpira nao si kitu kimoja. Ule mgumu kiasi wa Casio ni poliurethani, na adui yake ni unyevu wenyewe: baada ya miaka unapoteza unyumbufu na kukatika ghafla, mara nyingi palepale kwenye tundu au kwenye pini. Hata ulio kwenye pakiti bila kutumika huzeeka, kwa hiyo "mpya wa zamani" wa miaka 15 si bahati ya kukimbilia. Silikoni ni laini, haipendi kuzeeka haraka, lakini inanasa vumbi na pamba za shati kama sumaku, na ikipata mchaniko mdogo kwenye tundu inaendelea kuchanika hadi mwisho. Mpira wa asili unapendeza mkononi ila hauelewani na mafuta. Anayejipaka mafuta ya nazi kila asubuhi asinunue mpira wa asili; utavimba na kulainika. Ule unaoitwa FKM, mpira wa kiwandani wenye florini, ndio bora wa mpira wote kwa joto letu: unahimili mafuta, krimu ya jua, chumvi na jua lenyewe. Ni mzito kidogo kuliko silikoni na bei yake iko juu, lakini kwa mvuvi, mwalimu wa kuogelea au dereva wa pikipiki ningesema usihangaike kutafuta kingine.

Kuhusu dawa ya mbu ya kujipaka: nyingi zina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, na DEET huyeyusha plastiki na kuharibu mipira kadhaa. Mkanda unaonata kama gundi baada ya safari ya kijijini umeguswa na hiyo. Jipake, subiri ikauke kabisa, nawa viganja, ndipo uvae saa. Nailoni haidhuriki nayo.

Nailoni ya kipande kimoja, ile inayopita chini ya saa, ina historia yake. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliiandikia kiwango rasmi mwaka 1973, DefStan 66-15, na askari waliichukua kwa kujaza fomu namba G1098, kwa kifupi G10, ndiyo maana wengine bado wanaiita G10. Ilikuwa ya kijivu, milimita 20 kwa upana na 280 kwa urefu. Hekima yake iko kwenye namna inavyopita: inazikumbatia pini zote mbili, kwa hiyo pini moja ikiruka saa inaning'inia kwenye ya pili badala ya kuanguka. Kwa mtu anayeipenda saa yake na kufanya kazi za mikono, hiyo peke yake ni sababu tosha. Unaifua kwa sabuni ya kawaida na mswaki, inakauka usiku. Hasara yake ni kwamba inainua saa kwa tabaka mbili, zaidi ya milimita 2, na saa nene inakuwa kama kichuguu mkononi. Ukinunua, vuta kingo za matundu kwa ukucha: yawe yamechomwa kwa joto na kuwa magumu. Yakiwa yamekatwa tu, yatafumuka.

Cheni

Cheni ya asili ya Seiko 5 ilitengenezwa kwa bati la chuma lililokunjwa kuwa pingili. Ni nyepesi, na ile sauti yake ya kucharaza watu wanaijua. Ikizeeka inalegea. Ishike saa kwa ubavu, uso ukiangalia ukutani, uiachie cheni ijinyooshe kwa mlalo: cheni nzima inakaa karibu bapa, iliyochoka inaning'inia kama mkia. Kilichotokea ni kwamba mchanga na chumvi vimeingia kwenye viungo na kuvisaga kama msasa. Kuondoa pingili kunaifupisha, hakuikazi. Kuosha cheni mapema kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini ndiyo kinga, na kwa cheni iliyokwisha legea ni kutafuta nyingine.

Cheni mpya inunuliwe kwa kuangalia vichwa vyake, vile vipande viwili vinavyoingia kati ya masikio. Vichwa vilivyopinda hutengenezwa kwa modeli fulani, na mpindo usiolingana unaacha pengo upande mmoja na kubana upande wa pili. Vichwa vilivyonyooka huingia kwenye saa yoyote ya upana huo, ila pengo la mwezi mwandamo linabaki wazi kati ya cheni na saa. Binafsi naona ni afadhali pengo la haki kuliko mpindo wa kulazimisha. Chuma kiwe kile kisichoshika kutu, daraja la 316L. Cheni za bei ya kutupa huwa shaba ya njano iliyopakwa kromu au rangi ya dhahabu. Jasho likila ganda, ngozi ya mkono inageuka kijani. Ukiwashwa na kupata vipele, mara nyingi ni nikeli, na dawa yake ni titani au kuachana na chuma moja kwa moja.

Kupunguza pingili: geuza cheni, tafuta mishale midogo iliyochongwa ndani. Sukuma pini kufuata mshale. Kurudisha ni kinyume cha mshale, na upande wa pini uliopasuliwa uingie mwisho. Baadhi ya cheni za Seiko zina kibomba kidogo katikati ya pingili kinachoshika pini kwa msuguano. Kinadondoka bila sauti, ni kidogo kama punje ya uwele, na cheni ikirudishwa bila hicho pini inatoka yenyewe barabarani. Fanyia kazi hiyo ndani ya sinia lenye kitambaa cheupe. Toa pingili sawa kila upande. Ikibaki moja ya ziada, itoke upande wa namba 6, ili kifungio kikae katikati ya chini ya mkono.

Cheni za wavu zenye kifungio cha sumaku zinapendeza kwa macho na zinafaa kwa saa janja, zile zinazounganishwa na simu. Kwa saa ya mtambo kama Seiko 5, ziache. Usiku ukiiweka mezani sumaku inalala juu ya kifuniko cha nyuma, uzi mwembamba wa springi ndani unashika usumaku, na saa inaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Watu wamelipia usafi wa mtambo mzima kwa sababu ya kifungio.

Kufunga

Tandika kitambaa, laza saa kifudifudi, ubandike tepu ya karatasi kwenye masikio yote manne ili yasikwaruzwe. Kifaa kinachofaa ni kijiti chenye uma mdogo upande mmoja na sindano upande wa pili. Mafundi wanaheshimu Bergeon 6767 ya Uswisi, ila hata wa bei nafuu unafaa kama ncha zake hazijapinda. Kisu cha jikoni hakifai. Kinateleza, na alama yake inabaki kwenye sikio milele.

Ingiza uma kati ya mkanda na sikio, uhisi kibega cha pini, ukivute kuelekea katikati huku ukiinua kidogo. Pini iliyoganda kwa kutu usiilazimishe. Ikiwa mkanda wa zamani ni wa kutupwa, ukate kwa wembe, pini ibaki uchi, kisha uikate katikati kwa koleo dogo na kutoa nusu moja moja. Safisha vitundu vya masikio kwa kijiti cha meno. Ukoko ukibaki ndani, ncha mpya haitafika mwisho wa tundu, na hili ndilo kosa lisiloonekana kwa macho.

Kipande chenye bizimu kinakwenda upande wa namba 12, kirefu upande wa 6. Tia ncha moja kwenye tundu lake, bonyeza ya pili kwa uma, telezesha ndani hadi usikie mlio mdogo. Ule mlio ni muhimu. Usipousikia, sogeza mkanda kushoto na kulia kwa kidole gumba hadi ncha ijitie yenyewe. Pini zenye kijipete cha kuvuta kwa ukucha zinarahisisha kazi na zinafaa kwa anayebadilisha mikanda kila wiki, lakini kwa saa nzito ya wapiga mbizi nachagua pini nene ya kawaida.

Kisha vuta. Shika mwili wa saa mkono mmoja, mkanda mkono wa pili, uvute kwa nguvu zaidi ya utakayoitumia kuivaa, halafu uusokote kushoto na kulia, kila upande mara tano. Rudia baada ya wiki moja, mkanda ukishalainika. Pini isiyokaa sawasawa itaruka hapo hapo, kwa hiyo fanyia jaribio hilo juu ya godoro.